Siku moja maishani mwangu: mwanafizikia anayeongoza idara ya sayansi na teknolojia, Arusha

Chuo chetu kipo Arusha, kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Naanza na mwinuko kwa sababu unaingia kwenye karibu kila kipimo tunachochukua, na kazi ya mkuu wa idara ya sayansi ninavyoielewa ni kuhakikisha vifaa vinasema kweli kuhusu mahali vilipo. Kusaini karatasi kupo, vikao vipo, lakini chombo kikidanganya, mwanafunzi hufundishwa uongo kwa miaka mitatu bila mtu kujua. Idara ina fizikia, kemia, biolojia, kompyuta na umeme. Hii ni Jumanne ya katikati ya muhula, siku ya maabara.

Saa 12:40 asubuhi

Wa kwanza kufika ni fundi sanifu wa maabara, nami hufika muda mfupi baada yake. "Shikamoo Mkuu." "Marahaba, maji yapo?" Salamu na swali huenda pamoja, kwa kuwa asubuhi huanza na mtambo wa kukeneka maji, yaani kuyachemsha na kukusanya mvuke wake uliopoa. Wetu hutoa lita 4 kwa saa, na leo kemia na biolojia wanahitaji lita 20. Hizo ni saa tano za kuchemsha, kwa hiyo usipowashwa sasa, kipindi cha mchana hakitakuwa na maji.

Mtambo huo hula maji ya kupoza kama lita 1 kila dakika, yaani lita 60 kwa saa, ili utoe lita 4. Tumeunganisha mpira wa kutolea kwenye tangi la lita 500 nje ya ukuta, na maji hayo ya uvuguvugu ndiyo yanayosafisha sakafu na vyoo. Hatari yake kubwa ni maji ya bomba kukatika umeme ukiwapo. Hita hubaki juu ya hewa, na ndani ya dakika chache huwa jekundu na kupasuka. Mtambo mzuri una swichi ya joto inayojizima yenyewe. Fundi huijaribu kila Jumatatu kwa kufunga bomba na kusikiliza mlio wa swichi, akiwa amesimama pale pale. Utando mweupe wa chokaa juu ya hita nao hutolewa kwa siki au tindikali ya sitriki. Ukiachwa, hita hupoteza joto kwenye utando na lita 4 zinakuwa 3.

Kabla ya kujaza madumu tunapima upitishaji wa umeme wa maji. Chini ya maikrosimensi 5 kwa sentimita, yanafaa. Yakifika 20, kuna kitu kimepita na mvuke au dumu halikusuuzwa, na matokeo ya kemia ya siku nzima yatakwenda kombo.

Saa 1:20 asubuhi

Maabara ya kompyuta. Zipo 40, kila moja na wati kama 120, jumla kilowati 4.8. Kwa volti 230 hiyo ni ampia 21. Tumezigawa kwenye saketi mbili, kila moja na breka ya ampia 16, kwa hiyo katika matumizi ya kawaida kila saketi hubeba ampia kumi na nusu hivi. Ukipiga hesabu hiyo tu utasema hakuna tatizo. Tatizo huja umeme unapokatika na kurudi huku kompyuta zote zimeachwa swichi zikiwa zimewashwa: vyanzo vya umeme ishirini hujaza kapasita zao kwa sekunde ile ile, mkondo unaruka mara kadhaa ya kawaida, na breka inakatika. Anayesimamia anairudisha, inakatika tena, kisha mtu anapendekeza tuweke breka kubwa zaidi. Hapo ndipo ninapokataa kabisa. Breka inalinda waya ulio ukutani, na waya wetu ni wa milimita za mraba 2.5. Ukiweka breka ya ampia 32, siku waya unapozidiwa, ukuta ndio utakaotoa moshi. Dawa yake ni ya mkono: umeme ukikatika, zima zote kwenye soketi, ukirudi, subiri dakika mbili, washa safu moja moja.

Saa 2:00 asubuhi

Mwalimu wa kemia ana wanafunzi 40 wa usawazishaji (titresheni) wa tindikali na besi. Kila mmoja atatumia mililita 100 hivi za asidi hidrokloriki ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita), na huwa tunaongeza lita moja ya ziada kwa wanaokosea mara ya kwanza. Jumla lita 5.

Asidi iliyokolea dukani huwa na asilimia 36 kwa uzito na densiti ya 1.18, ambayo ni kama 11.6 M. Kwa lita 5 za 0.1 M unahitaji moli 0.5, yaani mililita 43. Fundi huweka kwanza lita 3 za maji kwenye chombo, akiwa ndani ya kabati lenye feni ya kuvuta mvuke, ndipo amimine asidi taratibu, kisha ajaze hadi lita 5. Tindikali ndiyo inayoingia majini. Ukigeuza mpango huo, tone la kwanza la maji huchemka juu ya tindikali na kurukia macho.

Chupa hiyo haijawa 0.1 M kwa kuandikwa 0.1 M. Asidi iliyokolea hupoteza gesi kila inapofunguliwa, na chupa ya mwaka jana haina tena 11.6. Kwa hiyo huipima kwa sodiamu kaboneti kavu, iliyokaushwa kwenye oveni kwa nyuzi 250 kwa saa mbili na kupozwa ndani ya chombo kisichopitisha unyevu. Gramu 5.30 kwa lita hutoa 0.0500 M. Jibu likitoka 0.0973, lebo huandikwa 0.0973. Kuna walimu wanaopenda lebo ya namba nzuri, na nimeshabishana nao sana. Sodiamu hidroksaidi haifai kwa kazi hii ya kuthibitisha, kwani hunyonya unyevu na kabonidayoksaidi kutoka hewani hata unapoipima kwenye mizani.

Nikiwa stoo hupitisha jicho kwenye rafu. Kemikali hazipangwi kwa alfabeti. Asidi nitriki hukaa mbali na asetoni, spiriti na asidi asetiki. Sodiamu hukaa ndani ya mafuta. Nitrati ya fedha ndani ya chupa ya kahawia gizani. Chupa zote za tindikali ziko chini ya usawa wa kiuno, juu ya trei ya plastiki, ili ikidondoka isidondoke kutoka usoni kwa mtu.

Saa 3:00 asubuhi

Fizikia, mwaka wa kwanza, wanafunzi 48. Tuna meza 12. Ratiba ya kwanza iliyoletwa mezani kwangu iliwaweka wote kwa pamoja, wanne kwa kila meza. Kwa kundi la wanne, mmoja hupima, mmoja huandika, na wawili hunakili. Nimegawa kipindi mara mbili, wanafunzi 24 kila kimoja, wawili kwa meza. Gharama yake ni saa tatu zaidi za mwalimu kila wiki, nami nimezitoa kwa kufuta mhadhara mmoja wa kurudia.

Leo wanapima mchapuko wa graviti, g, kwa pendulamu. Ni zoezi ambalo kila mtu anadhani analijua. Ukikusanya daftari zote bila kusimamia, theluthi mbili zitasema 9.81, kwa kuwa ndiyo namba iliyo kitabuni. Hiyo 9.81 ni ya Ulaya. Dunia huzunguka na imetuna kidogo kwenye ikweta, kwa hiyo kadiri unavyokaribia ikweta g hupungua, na kadiri unavyopanda juu hupungua tena. Usawa wa bahari hapo Dar es Salaam ni kama 9.781. Arusha, kwa latitudo na mwinuko wetu, ni 9.78 ukikadiria kwa desimali mbili.

Sasa tuone pendulamu yenyewe inaweza kusema nini. Uzi wa mita 1.000 kamili, mabembeo 20. Kwa 9.78 utapata sekunde 40.18. Kwa 9.81 utapata 40.12. Tofauti ni sekunde 0.06. Mkono wa mtu kwenye saa ya kubonyeza hukosea karibu sekunde 0.2. Kwa hiyo mwanafunzi aliyepima mara moja, akaandika "9.81, kosa 0.01", hakupima. Kosa lake halisi la muda ni nusu asilimia, na kwa kuwa muda hupigwa mraba, kosa la g ni asilimia moja, yaani karibu 0.1. Jibu la uaminifu ni 9.8 na kosa la 0.1, na hilo hupata alama zote kwangu.

Halafu yapo makosa yasiyoonekana kwenye saa. Urefu hupimwa hadi katikati ya gololi. Ukiishia kwenye fundo, na gololi ina kipenyo cha sentimita 2, umepunguza urefu kwa sentimita moja na g imeshuka kwa 0.1. Pembe ya kuvuta nayo: kwa nyuzi 5 g hushuka kwa 0.01, kwa nyuzi 10 kwa 0.04, kwa nyuzi 20 kwa 0.15. Wavulana hupenda kuvuta sana ili waone vizuri. Uzi wa nailoni huvutika gololi inaponing'inia, kwa hiyo upime urefu gololi ikiwa imeshaning'inia, tena upime mwanzo na mwisho.

Njia bora ni kupima urefu tano, kuanzia sentimita 40 hadi 120, kisha kuchora mraba wa muda wa bembeo moja dhidi ya urefu. Mwinamo wa mstari kwa g ya hapa ni karibu 4.04. Uzuri wa mchoro huo ni kwamba kosa la kupima urefu, likiwa lile lile kila mara, halibadilishi mwinamo. Husogeza tu mstari usipite kwenye sifuri. Mwanafunzi mmoja leo mstari wake umekata mhimili wa urefu kwenye hasi sentimita 1.1. Anauliza, "Mwalimu, nianze upya?" Namwomba achukue kipimahati na apime gololi. Nusu kipenyo ni sentimita 1.1. Alikuwa anapima hadi kwenye fundo, na mchoro umemwambia hivyo kabla yangu. Haanzi upya. Anaandika alichokiona.

Saa 4:30 asubuhi

Chai na chapati ofisini, na kikao kifupi cha viongozi wa masomo. Dakika 25. Ajenda mbili: mwalimu wa hisabati anakwenda likizo ya uzazi wiki ya nane, na projekta mbili zimekufa taa. Kwa la kwanza tumegawa saa zake kwa walimu watatu, kwa kuwa mtu mmoja angezidiwa. Kwa la pili, taa haijafa kwenye mojawapo. Chujio la vumbi limeziba na mashine inajizima kwa joto. Lifutwe kwa brashi kavu kila wiki mbili, hasa miezi ya kiangazi.

Saa 5:00 asubuhi

Mizani mpya imefika. Hii ndiyo saa ninayotaka kuieleza vizuri, kwani ni hapa pesa nyingi za vyuo hupotea.

Ni mizani ya kielektroniki ya gramu 200, inayosoma hadi gramu 0.001. Ununuzi wa serikali hupitia NeST, mfumo wa ununuzi wa umma mtandaoni, na huruhusiwi kutaja jina la kampuni, kwa hiyo vigezo vya kiufundi lazima viseme kila kitu. Kuandika "mizani inayosoma 0.001" hakutoshi. Usomaji mdogo ni idadi ya tarakimu kwenye kioo tu. Unahitaji pia kutaja kurudia, yaani ukiweka uzito ule ule mara kumi, majibu yatofautiane kwa kiasi gani; na ulinganifu, yaani iwe sahihi kwenye gramu 5 kama ilivyo kwenye gramu 200. Taja kizuizi cha upepo cha kioo, volti 230, na jiwe la kusawazishia lililo ndani au nje.

Kwa nini jiwe? Kwa sababu mizani ya kielektroniki haipimi masi. Inapima nguvu ambayo kitu kinasukuma chini, kisha inagawa kwa g iliyowekewa kiwandani. Mizani iliyosawazishwa mahali ambapo g ni 9.81, ukiileta Arusha na kuichomeka tu, gramu 200 itaionyesha kama gramu 199.3. Imekosea karibu gramu 0.7 kwenye chombo kinachojigamba kwa sehemu moja ya elfu ya gramu! Mizani ya zamani ya sahani mbili haina shida hiyo, kwani g hupungua pande zote mbili sawasawa. Wapo wanaorudisha mizani kwa muuzaji wakisema mbovu, na wapo, wabaya zaidi, wanaoitumia hivyo hivyo miaka kumi.

Hatua tunazofuata ni hizi. Mezani iliyo imara, ya zege au terazo, mbali na dirisha, mbali na feni na mbali na mlango. Kiputo cha maji kiwe katikati ya duara. Iwashwe dakika 30 kabla ya kuguswa, ili vipande vya ndani vifikie joto moja. Kisha jiwe la gramu 200 la daraja la F1, ambalo kosa lake linaloruhusiwa ni miligramu 1. La daraja la M1 linaruhusiwa kukosea miligramu 10, kwa hiyo halifai kusawazisha chombo hiki. Jiwe hushikwa kwa koleo lenye ncha laini. Alama ya kidole ni mafuta, na mafuta yana uzito. Mawe yetu hupelekwa TBS (Shirika la Viwango Tanzania) kuthibitishwa, na cheti hukaa ndani ya sanduku lake.

Leo, kabla ya kusawazisha, kioo kimesoma 199.318. Baada ya kusawazisha, 200.000. Fundi anaandika namba zote mbili kwenye ledja ya chombo, ukurasa wa kwanza. Tunaweka gramu 100 katikati, kisha kwenye pembe nne za sahani: tofauti kubwa ni miligramu 2, inapita. Hati ya kupokea mzigo naisaini baada ya hapo. Afisa ugavi amesubiri saa nzima na ana haki ya kuchoka, lakini sahihi yangu ni kusema kwamba kitu hiki kinafanya kazi hapa.

Saa 6:30 mchana

Nimepitia maswali ya mtihani wa muhula. Swali la 3 la sayansi ya jumla linasema "Taja nyuzi ambazo maji huchemka", na mwongozo wa kusahihisha unasema 100. Kwa mwinuko wetu kanieneo ya hewa ni karibu milimita 645 za zebaki badala ya 760, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 na kidogo. Mwanafunzi aliyepima maabara kwetu akaandika 95 angekosa alama kwa kusema ukweli. Swali limerekebishwa: "kwenye kanieneo ya milimita 760", na kipengele cha pili kimeongezwa kinachouliza kwa nini maharage huchelewa kuiva Arusha kuliko Tanga. Jambo hilo hilo huharibu vipimajoto. Anayetaka kuhakiki kipimajoto kwa barafu na mvuke, barafu haina neno, sifuri ni sifuri kote. Kwenye mvuke lazima asome barometa kwanza.

Saa 7:15 mchana

Wali maharage. Maharage yaliyoanza kuchemka saa 1 asubuhi.

Saa 8:00 mchana

Miradi ya mwaka wa mwisho. Kundi la watu watatu wanashughulikia floridi kwenye maji ya visima. Kwa mtu wa Arusha hili si somo la kitabuni. Miamba ya volkano inayozunguka Meru na Kilimanjaro huachia floridi kwenye maji, na meno ya kahawia unayaona kwa watoto waliokulia vijiji vya chini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vipo visima vinavyozidi hapo mara nyingi. Kuchemsha hakuondoi floridi. Mvuke huondoka, floridi inabaki, kwa hiyo maji yaliyochemka sana yana floridi zaidi kwa kila lita.

Wanapima kwa elektrodi ya fuwele ya lanthanamu floridi. Mililita 25 za sampuli na mililita 25 za kimiminika cha kusawazisha ayoni, kinachoweka pH (kipimo cha utindikali) kati ya 5 na 5.5 na kuifungua floridi iliyojishika kwenye alumini na chuma. Vyombo ni vya plastiki. Floridi haihifadhiwi kwenye kioo. Wanaanza na maji ya kulinganishia ya miligramu 0.5, 1, 5 na 10 kwa lita. Elektrodi nzima hubadilika karibu milivolti 58 kila floridi inapoongezeka mara kumi. Yao leo imebadilika milivolti 51.

Wanataka kuendelea, muda unakwenda. Nawaonyesha hesabu: kwa elektrodi nzima, milivolti 1 ni kama asilimia 4 ya jibu. Ukitumia mwinamo usiofaa (hizo milivolti kwa kila mara kumi) kwenye kisima cha miligramu 8, unaweza kukosea kwa miligramu nzima, na kuna familia itakayoamua kunywa au kutokunywa kwa kufuata karatasi yako. Tumetafuta chanzo. Kwanza, ncha ya elektrodi ilikuwa na kiputo cha hewa. Huingizwa kwa kuinamishwa kidogo ili kiputo kiteleze. Pili, kikorogeo cha sumaku kilikuwa kinapasha bika joto toka chini, kwa hiyo maji ya kwanza yalipimwa kwa nyuzi 22 na ya mwisho kwa nyuzi 27. Kipande cha boksi kati ya kikorogeo na bika kimetosha. Tatu, fuwele ilikuwa na utando. Ikasuguliwa taratibu kwa dawa ya meno isiyo na floridi, ikasuuzwa. Mwinamo: milivolti 57.4. Saa moja na nusu imekwenda, na ni saa iliyotumika vizuri kuliko zote za leo.

Chujio lao ni la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, utaalamu uliofanyiwa kazi kwa miaka mingi kituo cha Ngurdoto, si mbali na hapa. Siri ya mkaa huo ni moto. Mifupa huchomwa kwa hewa kidogo, nyuzi 400 hadi 500. Ikitoka ya kahawia haijaiva, na maji yatanuka. Ikiwa nyeupe imepita kiasi, haishiki floridi tena vizuri. Inayotakiwa ni nyeusi au kijivu kizito, ikivunjwa iwe na rangi moja hadi ndani. Nimewaomba wavunje vipande kumi vya kila tanuri na kupiga picha ndani yake, kwani rangi ya juu hudanganya. Wanapima maji yanayotoka kila baada ya lita 20, na siku yatakapogonga 1.5 chujio limejaa, hata kama maji bado yanaonekana safi na matamu.

Saa 10:00 jioni

Kabati la vyanzo vya mionzi. Tunavyo vitatu vidogo vilivyofungwa, vya kufundishia, chini ya leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Funguo ni mbili, moja kwa fundi na moja kwangu. Tunahesabu, tunasoma namba ya kila kimoja, tunapima mionzi nje ya mlango wa kabati, tunaandika. Wiki iliyopita mwalimu aliripoti kuwa kaunta ya mionzi imeharibika kwa sababu kobalti-60 inatoa hesabu ndogo. Kaunta ni nzima. Kobalti hupungua nusu kila miaka 5.27, na chanzo hicho kina miaka 16 chuoni: kimebaki na takriban sehemu moja ya nane. Nimebandika jedwali la kila mwaka hadi 2035 kwenye mlango wa ndani, ili anayefundisha ajue atarajie nini kabla ya kulaumu mashine.

Saa 10:40 jioni

Multimita 12 zimerudi kutoka karakana ya umeme. Fundi anajaribu kila moja. Nne hazisomi milliampia. Ni kosa lile lile la kila muhula: mwanafunzi amepima mkondo, akahamia kupima volti ya betri bila kuhamisha waya wa tundu, na fyuzi ya milliampia 200 imeungua. Fyuzi ni za bei ndogo na tunazo boksi zima. Ninachokikagua ni kama kuna mtu ameweka kipande cha waya mahali pa fyuzi. Leo hakuna. Waya ukiwekwa hapo, multimita ile ikiguswa kwenye soketi ya ukutani hulipukia mkononi. Tundu la ampia 10 kwenye multimita nyingi za bei ya chini halina fyuzi kabisa, na tumelipaka rangi nyekundu kwenye zote.

Saa 11:30 jioni

Gesi imefungwa kwenye mtungi, si kwenye bomba la meza pekee. Mtambo wa maji umezimwa, lita 21. Madirisha ya maabara ya kemia yameachwa nafasi ya vidole viwili. Fundi anaweka jiwe la gramu 200 juu ya mizani mpya kwa mara ya mwisho leo, baada ya saa sita na nusu za kuwaka: 199.999. Anaandika tarehe, saa, nyuzi 23 za chumba, na sahihi yake. Kesho saa 1 ataweka tena, na keshokutwa, mpaka ukurasa ujae na tujue mizani hii hutembea kiasi gani kwa mwezi.